Dynamo ya Bujumbura: Msimu Ulioishia Kwenye Jezi

Jumamosi ya tarehe 9 Machi 2024, katika ukumbi wa SunBet Arena mjini Pretoria, wachezaji wa klabu ya Dynamo kutoka Bujumbura waliingia uwanjani wakiwa na utepe vifuani. Chini ya utepe huo kulikuwa na maneno mawili yaliyochapishwa kwenye jezi za timu zote 12 za Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, BAL: "Visit Rwanda". Siku hiyo Dynamo iliwafunga wenyeji, Cape Town Tigers, 86 kwa 73. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa klabu ya Burundi katika ligi hiyo. Siku tatu baadaye timu ilikuwa nje ya mashindano, na hakuna aliyeifunga hata mchezo mmoja uwanjani.

Ukiisoma habari hii kwenye ukurasa wa michezo peke yake, utaona ubishi wa nguo. Ukiisomea Ngara, wilaya ya Tanzania inayopakana na Rwanda kwa upande mmoja na Burundi kwa upande mwingine, utaona kwamba msimu wa Dynamo ulianza kuharibika zamani, kabla hata ligi yenyewe haijatungwa.

1916–1962: Wakubwa wanagawana milima

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa chini ya mkoloni mmoja. Mjerumani aliziita zote Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Biharamulo, jirani ya Ngara, ilikuwa miongoni mwa ngome zake za upande wa magharibi. Boma lake bado limesimama pale mjini. Falme za Rwanda na Burundi ziliachiwa wafalme wao, lakini bendera ilikuwa moja.

Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Biharamulo, yakaendelea kusini hadi Tabora, ambayo waliiteka Septemba mwaka huohuo. Kwa miaka kadhaa watu wa Biharamulo na Ngara walitawaliwa na Mbelgiji, kama jirani zao wa Kigali na Gitega. Mwaka 1919 Mwingereza Milner na Mbelgiji Orts wakakaa kwenye ramani na kugawana. Uingereza ikachukua Tanganyika, Ubelgiji ikabaki na Ruanda-Urundi.

Mgawanyo huo haukufuata ukoo wala lugha. Bugufi, nchi ya Wahangaza ambayo ilihesabiwa kuwa ya mwami, yaani mfalme, wa Burundi, ikawekwa upande wa Tanganyika, na leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara. Ng'ambo ya mto Kagera, nchi ya Gisaka nayo ilipewa Mwingereza, aliyetaka ukanda wa kupitisha reli. Mfalme Musinga wa Rwanda na wamisionari walilalamika, na miaka michache baadaye Gisaka ikarudishwa. Bugufi haikurudi. Ndiyo maana mpaka leo Mhangaza wa Kabanga na Mrundi wa Kobero wanaelewana bila mkalimani, ingawa mmoja huonyesha kitambulisho cha NIDA na mwenzake karatasi za Bujumbura.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Rwanda na Burundi zikaupata siku moja, tarehe 1 Julai 1962, zikiwa nchi mbili badala ya moja iliyounganishwa na Wabelgiji. Kuanzia hapo kila moja ikawa inamtazama mwenzake kama mtu anayejitazama kwenye kioo kilichovunjika. Makabila ni yaleyale na lugha ni za kupakana. Hofu nazo ni zilezile, ila zamu za kushika madaraka zikawa tofauti. Machafuko ya Kigali yalitikisa Bujumbura, na ya Bujumbura yalifika Kigali.

1993–1996: Ngara inapokea

Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, aliyekuwa amekaa madarakani kwa miezi mitatu tu. Warundi wakaanza kumiminika Ngara na Kigoma. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyokuwa ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam ilitunguliwa Kigali. Ndani yake walikuwemo marais wawili, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza Rwanda.

Mwisho wa Aprili mwaka huo, ndani ya muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema halijawahi kuona umati mkubwa namna hiyo ukivuka mpaka kwa kasi ile. Kambi ikawekwa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara pale. Kwa wiki chache watu wakawa wanasema Benaco ni mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Wageni waliwazidi wenyeji wa wilaya nzima kwa idadi. Miti ilikatwa kwa kuni hadi vilima vikabaki uchi, na bei ya ndizi na maharage ikawa inapangwa na soko la kambini.

Mwaka 1995 wamisionari Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera mjini Ngara, wakitangaza kwa lugha za watu waliokuwa kambini. Desemba 1996 serikali ya Tanzania iliwaamuru Wanyarwanda warudi kwao, wakarudi kwa barabara ileile ya Rusumo. Warundi walibaki muda mrefu zaidi. Kambi yao ya Lukole ilifungwa mwaka 2008, miaka minane baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliojaribu kumaliza vita vyao.

Historia hii inaeleza kwa nini jina la nchi jirani kwenye kifua cha mchezaji si tangazo la kawaida la utalii katika eneo hili. Familia nyingi za pande hizi zina mtu aliyevuka mpaka usiku.

2015–2022: Mlango unafungwa mara ya kwanza

Kwa miaka kadhaa baada ya vita vya Burundi kuisha, mambo yalikuwa shwari. Mabasi yalikwenda Kigali na Bujumbura, na timu zikatembeleana kwenye mashindano ya mpira wa kikapu ya kanda ya tano ya FIBA Afrika.

Hali ilibadilika mwaka 2015. Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kugombea muhula wa tatu, watu wakaingia barabarani, na tarehe 13 Mei, rais huyo akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa marais wa Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kumpindua. Mapinduzi yalishindwa. Baadhi ya wahusika walikimbilia Rwanda, na maelfu ya wakimbizi wakawekwa kambi ya Mahama, wilaya ya Kirehe, ng'ambo tu ya mto ukiwa Ngara. Bujumbura ikaituhumu Kigali kwa kuwapa waasi mafunzo na silaha, Kigali ikakana. Mpaka wa nchi hizo ukawa mgumu kupitika.

Nkurunziza alifariki Juni 2020 na Évariste Ndayishimiye akashika uongozi. Mazungumzo yakaanza polepole, na mwaka 2022 mpaka ukafunguliwa. Ilionekana kama jambo limekwisha. Katika miaka hiyohiyo ya ubaridi, Kigali ilikuwa inajenga kitu kingine.

2019–2023: Ligi inazaliwa, na Kigali inagharamia

Februari 2019 NBA na shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, FIBA, walitangaza kwamba wataanzisha ligi ya klabu za Afrika. NBA haikuwa imewahi kushiriki kuendesha ligi nje ya Amerika Kaskazini. Rais wa ligi akawa Amadou Gallo Fall wa Senegal. Msimu wa kwanza ulipaswa kuanza Machi 2020, UVIKO ukauzuia.

Rwanda ilikuwa tayari. Agosti 2019 ilifungua Kigali Arena, ukumbi wa watu 10,000 uliojengwa kwa miezi michache tu. Korona ilipoilazimu ligi kukusanya timu zote mahali pamoja, Kigali ndiyo iliyokuwa na ukumbi, hoteli na nidhamu ya kuzifungia timu humo. Tarehe 16 Mei 2021 BAL ikaanza rasmi. Vijana wengi waliisikia kwa mara ya kwanza kwa sababu mwanamuziki J. Cole wa Marekani alikuja kuichezea Patriots ya Rwanda. Bingwa wa kwanza alikuwa Zamalek ya Misri, iliyofuatiwa na US Monastir ya Tunisia mwaka 2022 na Al Ahly ya Misri mwaka 2023.

Kwa kutoa ukumbi na fedha, Rwanda ilipata nafasi kifuani. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ilikuwa imekwisha kuyaweka maneno "Visit Rwanda" kwenye mkono wa jezi ya Arsenal tangu 2018, kisha ikaingia mikataba na Paris Saint-Germain na Bayern Munich. Kwenye BAL ilikuwa mshirika mwanzilishi, na maneno hayo yakachapishwa mbele ya jezi ya kila timu, iwe ya Luanda, Rabat au Dakar.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Arsenal inapovaa tangazo la nchi, klabu imeuza nafasi yake yenyewe na fedha imeingia kwenye mfuko wake. Timu ya BAL haiuzi chochote. Inafuzu kwa jasho lake, inafika na kukuta jezi imekwisha kupata mdhamini, na mdhamini huyo ni serikali. Kwa klabu ya Angola jambo hilo lilikuwa dogo. Kwa klabu ya Bujumbura lilikuwa likisubiri siku yake tu.

Novemba 2023 – Januari 2024: Miezi iliyoua msimu

Dynamo ilifuzu mwishoni mwa 2023 kupitia mchujo wa mashariki, pamoja na City Oilers ya Uganda na Cape Town Tigers ya Afrika Kusini. Hakuna klabu ya Burundi iliyokuwa imefika huko kabla. Jezi za BAL zilikuwa zikionekana kwenye runinga tangu 2021, hivyo aliyefuzu alijua atavaa nini. Wakati huo mpaka ulikuwa wazi na hakuna aliyeona tatizo.

Tarehe 22 Desemba 2023 waasi wa RED-Tabara walishambulia Vugizo, magharibi mwa Burundi karibu na mpaka wa Kongo. Serikali ya Burundi ilisema watu 20 waliuawa. RED-Tabara walikiri kuhusika, wakidai walilenga askari. Kabla mwaka haujaisha Rais Ndayishimiye aliituhumu Rwanda hadharani kwamba inawalisha na kuwafundisha waasi hao. Rwanda ikakana tena. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka. Kigali ilisema inasikitika, na kwamba uamuzi huo unakwenda kinyume na misingi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ngara iliuhisi uamuzi huo mapema kuliko Pretoria. Malori ya Dar es Salaam, yawe ya Kigali au ya Bujumbura, huja kwa barabara moja hadi Lusahunga katika wilaya ya Biharamulo, yakaendelea magharibi, kisha yakaachana: ya Rwanda kwenda Rusumo, ya Burundi kwenda Kabanga na Kobero. Kwa dereva wa lori la Dar mambo hayakubadilika sana. Aliyepata taabu ni Mrundi mwenye shughuli Kigali. Kama hataki kupita Kongo, barabara yake ikawa kuvuka Kobero, kugonga muhuri Kabanga, kupita Ngara mjini na Benaco, kisha kugonga muhuri tena Rusumo: nchi ya tatu nzima ili kufika kwa jirani ambaye mnapakana naye.

Kati ya kufuzu na mchezo wa kwanza ilikuwa miezi mitatu na ushei. Ndani ya miezi hiyo jezi ileile iligeuka kuwa kitu kingine. Novemba lilikuwa tangazo la sokwe na vilima. Machi lilikuwa mwaliko wa kutembelea nchi ambayo serikali yako imekufungia njia ya kwenda, na ambayo rais wako ameituhumu kwa damu ya raia wako.

9–12 Machi 2024: Ushindi mmoja na ushindi wa mezani

Msimu wa 2024 uligawanywa katika makundi matatu yenye timu nne nne: Kalahari huko Pretoria, Nile huko Cairo na Sahara huko Dakar. Fainali zilipangwa Kigali. Dynamo ilikuwa Kalahari pamoja na Cape Town Tigers, FUS ya Rabat na Petro de Luanda.

Mchezo wa kwanza ulichezwa kwa utepe. Kwa dakika 40 za mchezo ule njia ya katikati ilionekana kuwezekana: timu imecheza, mdhamini hajaonekana kwenye jezi ya timu moja kati ya 12, mashabiki wamepata walichofuata, na timu ngeni imemfunga mwenyeji mbele ya watu wake.

BAL haikuikubali njia hiyo. Jumapili tarehe 10 Dynamo ilipangiwa FUS. Ligi ilitaka jezi zivaliwe kama zilivyo, na vyombo vya habari viliripoti kwamba agizo lililotoka Burundi ni kutozivaa. Timu haikuingia uwanjani. FUS ikapewa ushindi wa mezani, ambao kwa kanuni za FIBA huandikwa 20 kwa 0. Taarifa ya BAL ilikuwa fupi: Dynamo imekataa kufuata kanuni za ligi kuhusu jezi na mavazi.

Jumanne tarehe 12 ilikuwa zamu ya Petro. Hali ikawa ileile, na kwa kanuni za FIBA timu inayoshindwa kutokea mara mbili inaondolewa kwenye mashindano. Kwa hiyo msimu wa kwanza wa Burundi katika BAL ukawa na mchezo mmoja uliochezwa na ushindi mmoja.

Kila upande ulikuwa na hoja ya kusimamia. BAL iliogopa kwamba ikiruhusu utepe mmoja, kesho kila klabu italeta sababu yake ya kuficha mdhamini isiyempenda, na mkataba unaoilisha ligi utabaki karatasi. Burundi nayo isingeweza kuwaeleza wananchi wake kwa nini mpaka umefungwa lakini vijana wa taifa wanatembea na tangazo la upande wa pili. Aliyekosa mahali pa kusimama ni mchezaji. Kikosi hicho kilikuwa na Warundi na wachezaji wa kulipwa kutoka nje, na kwa wengi wao BAL ndilo dirisha la kuonekana na maskauti na kupata mkataba mkubwa zaidi. Dirisha hilo lilifungwa na watu ambao hawakuwa uwanjani kucheza.

2024 na baadaye: Ugomvi unaenea

Mwezi mmoja baadaye jambo linalofanana nalo lilitokea kwenye soka. Aprili 2024 RS Berkane ya Morocco ilifika Algeria kwa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho ikiwa na jezi zenye ramani iliyojumuisha Sahara Magharibi. Mamlaka za Algeria zilizizuia jezi hizo uwanja wa ndege, mchezo haukuchezwa, USM Alger ikagomea marudiano, na Berkane ikapita kwa ushindi wa mezani. Kama ilivyokuwa Pretoria, aliyegoma ndiye aliyetoka.

BAL iliendelea. Tarehe 1 Juni 2024, Kigali, Petro de Luanda ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Al Ahly ya Benghazi 107 kwa 94, ikawa klabu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kushinda kombe hilo. Mwaka 2025 fainali zilihamia Pretoria, kwenye ukumbi uleule wa SunBet Arena, na Al Ahli Tripoli ikawa bingwa. Nairobi City Thunder ikaipa Kenya nafasi yake ya kwanza. Burundi haikuwa na timu.

Swali la Dynamo nalo likahamia Ulaya. Mapema 2025, waasi wa M23, ambao Kongo inadai wanasaidiwa na Rwanda, walipoiteka Goma na baadaye Bukavu, serikali ya Kongo iliziandikia Arsenal, Bayern na Paris Saint-Germain ikizitaka ziachane na "Visit Rwanda". Agosti mwaka huo Bayern iliubadilisha mkataba wake kuwa wa kukuza vipaji, na Novemba Arsenal ikatangaza kwamba mkataba wake hautaendelea baada ya msimu wa 2025/26. Paris iliongeza muda wa mkataba wake. Klabu hizo tajiri zilipata miezi ya kufikiri, na wanasheria wa kuzishauri. Dynamo ilikuwa imepewa siku tatu.

Kuna mfano mwingine karibu zaidi. Kwenye maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Kirehe, kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 uliojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Ulianza kutoa umeme katika kipindi hikihiki cha ugomvi, na umeme huo unagawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kampuni inayouendesha ni ya nchi zote tatu, na hakuna mwenye theluthi anayeweza kuwalazimisha wenzake kubeba jina lake. Mpaka ulipofungwa, mgawo wa Burundi uliendelea kuwa mgawo wa Burundi.

BAL ilijengwa kwa namna nyingine. Mwenye nyumba alikuwa mmoja, wengine wageni, na hilo liliiwezesha kuanza haraka wakati ambapo Afrika ilikuwa na mipango mingi na kumbi chache. Bila fedha za Kigali huenda ligi isingefika msimu wa pili. Lakini ligi inayotegemea serikali moja hurithi pia maadui wa serikali hiyo, na katika ukanda wa Maziwa Makuu maadui hubadilika haraka kuliko mikataba ya udhamini. Kifungu kimoja tu cha kanuni, kinachoiruhusu timu kuvaa jezi isiyo na jina la nchi inayohasimiana na yake, kingeigharimu ligi jezi moja kati ya 12 na kuiokoa timu nzima. Kifungu hicho hakikuwepo Machi 2024, na mpaka kiwepo, klabu yoyote ya ukanda huu inayofuzu itabidi iangalie kwanza hali ya mpaka wake kabla ya kuangalia ratiba ya mechi.